Unaichambuaje namba kubwa? Tunaifanya 1234567890 mwanzo mwisho kwa karatasi na kalkuleta

Maswali ni yale yale kila wiki. "Hii namba ni tasa au sio?" "Ina vigawo vingapi?" "Nimegawa nimegawa mpaka nimechoka na haigawanyiki, nifanyeje?" Na wengi wakiuliza wanaambiwa tu watafute programu kwenye simu iwape jibu. Sawa, jibu watapata, ila kesho wakiletewa namba nyingine wako pale pale. Kwa hiyo leo tunachukua namba moja tu, tunaifanya yote mpaka iishe, na ukiifuata kwa kalamu mkononi (sio kusoma tu) utaweza kuchukua namba yoyote ya tarakimu tisa kumi ukapambana nayo mwenyewe.

Namba yenyewe ni 1,234,567,890. Nimeichukua kwa sababu kila mtu anaikumbuka, ina tarakimu zote kuanzia sifuri mpaka tisa na kila moja imetokea mara moja tu, halafu katikati yake kuna sehemu inakwamisha watu kweli kweli na hiyo ndiyo hasa nataka uione. Watu wa kompyuta wanaijua kwa habari nyingine kabisa: saa ya Unix inahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na sekunde ya 1,234,567,890 ilifika usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 14 Februari 2009, kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa nane na dakika 31 na sekunde 30 usiku. Kuna watu walikesha kuisubiri.

Kabla hujaanza uwe na hivi:

- Karatasi na kalamu. Usifanye kichwani, namba ni ndefu na utapoteza tarakimu njiani.
- Kalkuleta inayoonyesha tarakimu kumi au zaidi. Ya simu inatosha. Zile ndogo za tarakimu nane hazifai hapa.
- Orodha ya namba tasa mpaka 61: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61. Ziko 18, ziandike pembeni. Moja haimo na isiingie, 1 sio namba tasa.
- Ujue kutafuta kipeuo cha pili kwa kalkuleta, basi.

Na kumbuka tofauti ya maneno mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku, kigawo ni kile kinachoigawa namba bila baki (3 ni kigawo cha 12), kigawe ni kile kinachopatikana ukiizidisha (24 ni kigawe cha 12). Sisi hapa tunatafuta vigawo.

1. Toa vigawo vidogo kwa macho tu

Usikimbilie kalkuleta. Namba inaishia na 0 kwa hiyo 2 na 5 zote zinaigawa. Jumlisha tarakimu: 1+2+3+4+5+6+7+8+9+0 = 45, na 45 inagawanyika kwa 9 kwa hiyo namba nzima inagawanyika kwa 9. (Ona hapo hapo, hata ukizichanganya tarakimu hizo kumi upendavyo jumla inabaki 45, maana yake hakuna namba tasa hata moja duniani inayotumia tarakimu zote kumi kila moja mara moja.) Sasa gawa kidogo kidogo na uandike kila mstari:

1,234,567,890 ÷ 2 = 617,283,945
617,283,945 ÷ 5 = 123,456,789
123,456,789 ÷ 3 = 41,152,263
41,152,263 ÷ 3 = 13,717,421

2. Jaribu tena kile ulichokwisha kutoa

Hapa ndipo wengi wanateleza. Wameshatoa 3 mara mbili wanaona yamekwisha wanaenda 7, kumbe inaweza kuwepo ya tatu. Jumlisha tarakimu za 13,717,421: 1+3+7+1+7+4+2+1 = 26. Haigawanyiki kwa 3, sawa, 3 imeisha kweli. Inaishia na 1 kwa hiyo 2 na 5 nazo hazimo. Fanya hivi kila mara, na usiijaribu tena ile namba ya mwanzo, jaribu iliyobaki. Kila ukitoa kigawo kazi inapungua, ukirudi kwenye namba ndefu unajiongezea mateso bure.

3. Jaribu 7, 11 na 13 kwa pamoja

Kwa sababu 7 × 11 × 13 = 1001 kuna njia ya mkato nzuri sana. Kata namba tatu tatu kuanzia kulia: 421, 717, 13. Halafu toa, jumlisha, toa, jumlisha, kwa zamu: 421 − 717 + 13 = −283. Ondoa alama ya kutoa, unabaki na 283. Sasa 283 ukigawa kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 8, kwa 13 inabaki 10. Hakuna hata moja iliyotoka bila baki, kwa hiyo zote tatu hazimo kwenye 13,717,421. Umejaribu namba tatu kwa hesabu moja ndogo.

4. Endelea na namba tasa zinazofuata, ila jiwekee kikomo

Baki unalipata hivi kwenye kalkuleta ya kawaida: gawa, chukua sehemu nzima tu, izidishe tena, halafu toa. Mfano 13,717,421 ÷ 17 inakupa 806,907 na vipointi vyake. 806,907 × 17 = 13,717,419. Inabaki 2. Haigawanyiki. Ya 19 inabaki 10. Unaenda hivyo hivyo 23, 29, 31, na kuendelea.

Unaenda mpaka wapi? Mpaka kipeuo cha pili cha namba iliyobaki, hapa ni 3703.7 hivi. Sababu ni fupi, kama namba ni zao la vigawo viwili haiwezekani vyote viwili vikawa vikubwa kuliko kipeuo chake, lazima kimoja kiwe chini au sawa nacho. Ukifika kipeuo bila kupata kitu, namba ni tasa.

Lakini sikiliza, chini ya 3703 kuna namba tasa zaidi ya mia tano. Ukigawa moja moja kwa mkono utashinda mezani, na kwa namba hii mahususi kigawo cha kwanza kinakaa karibu kabisa na mwisho wa orodha, yaani utagawa mara mia tano na kitu ndio ukione. Wengi wanaishia hapa, wakifika 100 au 200 wanasema basi hii ni tasa. Sio tasa! Kutokuipata sio ushahidi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, nenda mpaka 61 au 100 hivi, ukikosa acha kugawa, badilisha njia.

5. Njia ya Fermat: tafuta tofauti ya miraba miwili

Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alikuwa mwanasheria kwa kazi na hesabu alifanya kwa mapenzi. Wazo lake ni kwamba namba witiri ambayo sio tasa unaweza kuiandika kama mraba mmoja ukitoa mraba mwingine, na ukishaiandika hivyo imekwisha, kwa sababu x² − y² ni (x − y) × (x + y). Unaanza kwenye kipeuo na kupanda juu.

Kipeuo chetu ni 3703.7, panda mpaka namba nzima inayofuata: 3704.

3704² = 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195. Je, 2,195 ni mraba kamili? Namba inayoishia na 5 ikiwa mraba lazima iishie na 25, hii inaishia na 95. Hapana.

Panda moja: 3705² = 13,727,025. Toa 13,717,421, inabaki 9,604. Kipeuo cha 9,604 ni 98 kamili, hakuna pointi.

Basi! x ni 3705, y ni 98:

3705 − 98 = 3607
3705 + 98 = 3803

Zidisha uhakikishe, 3607 × 3803 = 13,717,421. Mara mbili tu umemaliza kazi ambayo kwa kugawa ingekula mia tano. Mimi hii kitu huwa inanifurahisha kila nikiionyesha kwa mtu, na ndiyo maana nimeichagua namba hii.

Mbinu mbili za kukuokolea muda. Ya kwanza, huna haja ya kupiga mraba upya kila ukipanda, chukua baki ulilopata uongeze 2x + 1. Kwa mfano 2,195 + (2 × 3704 + 1) = 2,195 + 7,409 = 9,604, ile ile. Ya pili, kabla hujatafuta kipeuo angalia tarakimu mbili za mwisho, mraba kamili unaishia na hizi tu: 00, 01, 04, 09, 16, 21, 24, 25, 29, 36, 41, 44, 49, 56, 61, 64, 69, 76, 81, 84, 89, 96. Nyingine yoyote iruke.

6. Hakikisha ulivyovipata ni tasa

Usiache 3607 na 3803 hivi hivi kwa kuwa vinaonekana kama tasa. Kipeuo cha 3607 ni 60 na kidogo kwa hiyo jaribu namba tasa mpaka 59, cha 3803 ni 61 na kidogo kwa hiyo mpaka 61. Ile orodha uliyoandika pembeni ndio kazi yake hii. Kuna mahali utaona karibu inagawanyika, 53 kwa 3607 inabaki 3, 19 kwa 3803 inabaki 3, usilazimishe. Zote zinapita, ni tasa.

Sasa andika jibu vizuri:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3607 × 3803

Huu mstari ndio kila kitu. Kuanzia hapa maswali yote mengine unayajibu kwa kuuangalia wenyewe, na ndiyo maana nasema ukiulizwa sifa za namba kubwa anza kwa kuivunja kwanza, usianze kutafuta vigawo kimoja kimoja.

7. Idadi ya vigawo

Chukua vipeo (ile namba ndogo ya juu, isipoandikwa ni 1), ongeza 1 kwa kila kimoja, zidisha. Vipeo ni 1, 2, 1, 1, 1. Inakuwa 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Namba ina vigawo 48, pamoja na 1 na yenyewe. Kosa la kila siku ni kusahau ile moja ya kuongeza, mtu anazidisha vipeo vyenyewe anapata 2, halafu anashangaa.

8. Jumla ya vigawo vyote

Kwa kila namba tasa jumlisha 1, yenyewe, mraba wake na kuendelea mpaka kipeo ulicho nacho, halafu zidisha zote.

2 inatoa 1 + 2 = 3
3² inatoa 1 + 3 + 9 = 13
5 inatoa 6
3607 inatoa 3608
3803 inatoa 3804

3 × 13 × 6 × 3608 × 3804 = 3,211,610,688.

Angalia hapo kwenye 3², ni 13, sio 10 (ukiruka ile 3 ya katikati) wala sio 16 (ukifanya 4 × 4). Hilo kosa moja linaharibu jibu lote.

Ukitoa namba yenyewe, vigawo vyake vingine vinajumlishwa kuwa 1,977,042,798, yaani vinaizidi namba kwa mbali. Namba kama 6 na 28 vigawo vyake vidogo vinalingana nayo sawasawa (1 + 2 + 3 = 6), hii yetu imevuka. Na kama swali lilikuwa hilo tu hukuhitaji hesabu yote hii, kila kigawe cha 6 kilicho kikubwa kuliko 6 chenyewe lazima kivuke, na yetu inagawanyika kwa 2 na kwa 3.

9. Namba ngapi chini yake hazishirikiani nayo kigawo

Hii ndiyo ile inaitwa fai ya Euler. Inahesabu kuanzia 1 mpaka namba yenyewe, ngapi KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake na namba yetu ni 1. Kwa namba tasa iliyo mara moja toa 1, kwa 3² fanya 9 − 3 = 6:

1 × 6 × 4 × 3606 × 3802 = 329,040,288

Kosa hapa ni kuandika 2 × 2 = 4 kwa 3². Ni 6. Njia ya kujikagua haraka: ½ × ⅔ × ⅘ ni kama 0.2667, na 329,040,288 ukigawa kwa namba yetu ni 0.2665. Vigawo vikubwa kama 3607 na 3803 vinapunguza kidogo sana, kwa hiyo majibu haya mawili lazima yakaribiane, yakiachana sana kuna mahali umekosea.

10. Je, ni jumla ya miraba miwili?

Angalia kila namba tasa ambayo ukiigawa kwa 4 inabaki 3. Ikitokea mara witiri, jibu ni hapana. Kwetu 3 inabaki 3 lakini ipo mara mbili, hiyo haina shida. 3607 inabaki 3 na ipo mara moja. Imekwisha, haiwezekani, hakuna haja ya kutafuta (3803 nayo iko hivyo hivyo).

Miraba mitatu je? Chukua tarakimu tatu za mwisho, 890, gawa kwa 8, inabaki 2. Inakataa tu pale ambapo ukishatoa 4 zote kinachobaki kikigawanywa kwa 8 kinabaki 7, kwa hiyo yetu inawezekana. Minne inawezekana kwa namba yoyote, Lagrange alilithibitisha hilo mwaka 1770.

Ukikwama

*Kalkuleta inaandika E9 mwishoni.* Imezidiwa tarakimu na imekukatia za mwisho. Hapo huwezi kupata baki sahihi. Tumia ya simu, au zidisha kwa vipande, mfano 3608 × 3804 fanya 3608 × 3800 halafu ongeza 3608 × 4.

*Kalkuleta yangu ya sayansi ina kitufe cha FACT, imenipa 2 × 3² × 5 × (13717421).* Hayo mabano sio mapambo. Baadhi ya kalkuleta hizo zinatafuta vigawo tasa visivyozidi tarakimu tatu tu, zikishindwa zinakuwekea kilichobaki kwenye mabano. Sio kwamba ni tasa, ni kwamba zimeishia hapo. Endelea na hatua ya 5.

*Nimetumia Fermat napanda tu, haifiki.* Njia hii ina nguvu pale vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiachana sana inakuwa mbaya kuliko kugawa. Mfano mzuri ni 4,294,967,297, ambayo ni 2 kipeo cha 32 ongeza 1. Fermat mwenyewe aliamini ni tasa. Euler mwaka 1732 akaonyesha ni 641 × 6,700,417. Ukiifanyia kwa njia ya Fermat utapanda zaidi ya mara milioni tatu, wakati kwa kugawa kawaida unaikuta 641 mapema tu. Ndiyo maana hatua ya 4 haipaswi kurukwa, vidogo kwanza. Panda mara ishirini thelathini, haijatokea, rudi ugawe zaidi.

*Inagoma tangu mwanzo, hata mraba mmoja haukaribii.* Angalia kama namba yako ni shufwa. Toa 2 zote kwanza, Fermat inataka witiri.

*Kwa nini basi wanasema namba kubwa hazivunjiki?* Hizo za RSA (njia ya kufunga siri kwenye kompyuta kwa kutumia zao la namba tasa mbili kubwa) zina tarakimu mamia, na wanaozitengeneza wanatakiwa wahakikishe vigawo viwili havikaribiani. Wasipohakikisha yanatokea mambo: mwaka 2022 mtafiti Hanno Böck alikuta funguo halisi za RSA zilizotoka kwenye printa za ofisini, akazivunja kwa hii hii njia uliyoiona hapo juu.

*Nataka kuhakiki jibu langu.* Kwenye kompyuta ya Linux fungua terminali uandike factor 1234567890, itakujibu 2 3 3 5 3607 3803. Itumie baada ya kufanya mwenyewe.

Na kama unataka ya kufanyia mazoezi chukua 2,027,651,281, ndiyo namba ambayo Fermat aliitolea mfano wa njia yake karibu mwaka 1643. Anza na 45,030, baki la kwanza liwe 49,619 (ukipata lingine umekosea mraba), halafu uwe unaongeza 2x + 1. Utapanda mpaka 45,041, baki litakuwa 1,040,400, na kipeuo chake utakiona hata bila kalkuleta.